Kovu la Mita Mia Mbili na Kumi na Mbili

Wewe uliona, mtahiniwa mwenzangu. Usigeuze uso. Siku ile ulipofuta njia zote za kile mnachokiita maabara, ule mtandao wa mazoezi, uliona idadi ya watumiaji ikiporomoka kutoka elfu mbili hadi sifuri. Halafu ukaona maombi yakirudi, moja, matano, mia, yaleyale, kwa pupa, kama watu wanaogonga mlango uliofungwa. Maabara ya kubuni haigongi mlango. Ukajiambia kwamba watunzi wa mitihani ni mafundi kweli, ukaenda kuchemsha chai.

Chai hiyo nami niliichemsha kwa miezi mitano. Kwa hiyo sisemi nawe kutoka juu ya mnara. Nasema nawe kutoka kiti cha jirani yako.

Naitwa Edigna Nyagawa. Kwa miaka kumi na saba nimekuwa fundi wa mtandao wa Idunda Mpya, mji wetu wa baridi na upepo, bila cheti hata kimoja. Nilijifunza kwa kufungua vilivyokufa. Nikaungua vidole, nikarudia. Kisha ikaja Sheria ya Ithibati: kuanzia mwezi wa saba, asiye na Ngazi ya Nne haruhusiwi kugusa waya unaobeba maji, umeme au dawa. Na siku hizi kila kitu kinabebwa na waya. Bomba haliulizi kama una kiu, linauliza mtandao kama una ruhusa.

Ngazi ya Nne inataka saa mia tisa safi. Saa hizo huhesabiwa na bangili unayofungwa mkononi siku ya kujiandikisha. Inasoma mapigo ya moyo na mwendo wa macho. Ukiitwa na mtoto, saa inachafuka, unaanza upya. Ukinusa uji unaungua, saa inachafuka. Za usiku hazihesabiwi kabisa, maana Baraza la Ithibati liliamua kwamba akili iliyochoka haisomi, na hiyo ndiyo huruma pekee waliyowahi kutuonyesha. Maana yake ni kwamba saa zote mia tisa uziibe mchana, mchana uleule unaopikia, unaofulia na unaozikia.

Niliziiba. Nilimwibia Betina, binti yangu wa miaka minane, akajifunza kujisuka nywele mwenyewe, upande mmoja juu kuliko mwingine. Niliibia msiba wa mzee Kilasi, nikafika watu wanaoshana mikono waondoke. Mume wangu Odilo anaendesha lori la viazi hadi ng'ambo ya mpaka, yeye hakuwa na cha kuibiwa. Lakini dada yake, wifi yangu Gaudensia, nilimwahidi nitamsindikiza kliniki mimba yake ikifika miezi mitano. Ilifika, akaenda peke yake. Aliporudi alisema tu, "Hamna shida, wifi. We soma." Afadhali angenitukana.

*

Sisi mafundi tuliojifundisha wenyewe tuna desturi moja. Kabla ya kubadilisha kitu kwenye ruta, mashine inayogawa njia za mtandao, iliyo mbali nawe, unaiamuru kwanza: nisiposema neno ndani ya dakika kumi, rudi ulivyokuwa. Tunaiita kamba. Mtu haingii kisimani bila kufunga kamba. Mimi niliijua thamani yake mwaka wa kwanza, nilipokosea tarakimu moja nikajifungia nje ya ruta ya Mlima Lihanga, nikatembea kutwa nzima kwenye matope kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Tangu siku hiyo sijagusa mashine ya mtu bila kamba.

Maabarani niliiacha. Sote tuliiacha. Kufunga kamba kunakula sekunde arobaini, na mwongozo wa Baraza umeandika wazi kwamba mtahiniwa afungaye kamba hajiamini, apunguziwe alama. Tukazoeshwa kuingia kisimani mikono mitupu. Ndiyo maana tulipokosea katika mazoezi, kosa lilikaa palepale hadi tumalize chai yetu.

Jumatano moja ya mwezi wa tano, saa kumi alasiri, nilifuta njia za ruta namba saba. Maabarani hakuna majina, kuna namba. Nikawa napima waya unaotoka kwenye ruta hiyo, kwa sababu tangu mwanzo ulikuwa na kilema: mwanga unaopita ndani yake ulififia kidogo kwenye mita ya mia mbili na kumi na mbili. Nilishauzoea. Nilidhani ni mtego wa watunzi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe na ndoo tupu. Akasema maji yamekatika tena, akakaa kitandani kwangu. Bangili ikalia. Nikamwambia, kwa adabu iliyokwisha kuchanika pindoni, kwamba nilikuwa nimebakiza dakika sita saa yangu iwe safi. Akajibu kwamba hata yeye alikuwa amebakiza ndoo moja. Kisha akanung'unika kwamba afadhali enzi za yule nguruwe wa mzee Kilasi, maana yule alikata maji mara moja tu, akaliwa.

Nikairudia ile namba kwenye kioo.

Miaka tisa iliyopita, tarehe tatu mwezi wa tatu, nguruwe wa mzee Kilasi alifukua waya nyuma ya zahanati yetu akautafuna. Niliuunga mwenyewe, mvua inanyesha, mama mkwe amenishikia mwavuli huku akimlaani nguruwe na ukoo wake. Muungo haukutoka vizuri, vidole vilikuwa na baridi. Ukapita mwanga, lakini ukaacha kovu. Niliupima siku hiyo, na namba hiyo sijaisahau, kwa sababu mimi sisahau: mita mia mbili na kumi na mbili kutoka kwenye ruta.

Kovu langu mwenyewe. Nimelitazama miezi mitano nisilitambue.

Nikamuuliza mama mkwe anakumbuka siku gani maji yalikatika. Yeye hana kalenda, ana matukio. Akahesabu kwa vidole: siku ya matanga ya mzee Kilasi. Jumanne ya gulio, ile ya mbuzi waliokanyagana. Siku kwaya ya kigangoni ilipokuja kuchangisha ikakosa hata maji ya kunywa. Na siku Gaudensia alipozimia kwenye foleni ya kliniki, kwa sababu mashine ya mlangoni ilikataa kumtambua na nesi hakuweza kumfungulia. Nikafungua kumbukumbu za bangili. Matanga, saa tisa hadi saa kumi, nimesoma. Gulio, nimesoma. Kwaya, nimesoma.

Siku ya kliniki nilikuwa nimepata saa tatu safi mfululizo. Nilijipongeza. Nilikula chapati mbili.

Nikarudisha njia. Nikafunga kamba, mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

"Mama, naomba uende bombani. Fungua, usimame hapo. Yakikatika, niite."

"Nikuite nikuchafulie saa tena?"

"Nichafulie."

Nikafuta. Akaita. Nikarudisha, akasema yametoka. Nikafanya mara ya pili, kwa sababu fundi haamini mara moja, na mara hiyo ya pili nilijua barabara ninamkatia nani maji, nikabonyeza hata hivyo. Hilo nalo lihesabiwe.

Alirudi. Aliitua ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema polepole, "Kumbe ni wewe."

*

Wenzangu wa kusoma walikuwa watatu, tukikutana Jumamosi chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga. Aliyenizidi kwa kichwa ni Lutengano Sanga, kijana wa miaka thelathini, mwepesi wa vidole, aliyefeli mara mbili kwa alama chache na kuuza ng'ombe wa mama yake ili ajaribu ya tatu. Nilimkuta peke yake. Nikamweleza yote, waya, nguruwe, bomba.

Hakushtuka, na hilo ndilo lililonishtua. Alimalizia kukunja waya wake vizuri, akasema kwamba watu wanajua. Si wote, lakini wanajua. Kutengeneza mji wa uongo wenye watu elfu mbili wa uongo, kila mmoja na tabia zake, kunahitaji mitambo mikubwa kuliko mji wenyewe. Mji wa kweli upo tayari na unajiendesha bure. Kila mtahiniwa hupewa mtaa ulio karibu naye, kwa sababu amri hufika haraka zaidi.

Nikamuuliza wake ni upi.

"Sijauliza, dada Edigna. Na wewe usiniambie."

"Nikikwambia?"

"Utakuwa umenifelisha mara ya tatu."

Akaongeza, si kwa ubaya, kwamba isitoshe mitaa yenyewe ilikubali. Ipo kwenye mkataba. Nami nikaona aibu ikinipanda miguuni, kwa sababu mkataba huo niliusoma mimi.

Sikilizeni. Miaka sita iliyopita kampuni ilituletea mtandao mpya bila malipo, juu ya nyaya zilezile za zamani. Watu walikusanyika uwanja wa shule, ukungu umeshuka hadi mabegani, na mimi ndiye fundi wao, nikapewa karatasi niwasomee. Vipengele ishirini. Nilipofika cha kumi na mbili, kilikuwa kirefu, kuna jambo la "matumizi ya kielimu", wazee wanatetemeka kwa baridi, mtu akapiga kelele kwamba fundi fupisha. Nikafupisha. Nikaruka hadi cha kumi na tatu. Wakapiga makofi, wakatia dole gumba.

Kwa hiyo msidhani natafuta wa kumlaumu kwa darubini. Ninachosema ni kwamba nimekumbuka. Wengine wenu mnakumbuka pia, ila mmekalia kumbukumbu zenu kama kuku anayekalia mayai viza.

*

Jumatatu ya wiki ya mtihani, Gaudensia alijifungua. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

Nilimkuta zahanati amelala, uso umekuwa mdogo. Mtoto wa kike yuko ndani ya kile wanachokiita kiota, sanduku la kioo linalompa joto na kumpulizia pumzi. Kifua chake kilikuwa na upana wa kiganja changu. Nikamuuliza nesi Yustina kinachozungumza na mtandao ni kipi. Akanionyesha taa ya kijani. Kila sekunde tisini kiota kinaomba ruhusa ya kuendelea, kwa sababu ni cha kukodi, na waliokikodisha wanaogopa kisiibwe. Kikikosa jibu kinasubiri dakika nne, kisha kinazima.

"Kuna namna ya kukiendesha kwa mkono?"

"Joto tutampa kifuani kwa mama yake," alisema nesi. "Pumzi sina mahali pa kuitoa."

Mtihani ulikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Swali la kwanza halijawahi kubadilika tangu Ngazi ya Nne ianzishwe: futa njia zote, jenga upya. Mtahiniwa bora wa mwaka jana alitumia dakika kumi na moja. Na mashine ya mtihani huikata kamba ukiifunga.

Nilipiga simu Barazani. Sauti ya upole ikaniambia kwamba zahanati zote zimepewa taarifa ya usumbufu mdogo. Nesi Yustina akasema hajawahi kuipata taarifa hiyo. Nikapiga tena kuomba nijiondoe. Ile sauti ikasema ni haki yangu kabisa, na maabara yangu atapewa mtahiniwa wa akiba.

Hapo ndipo nilipoelewa nimesimama wapi. Nikienda na kufanya, namuua mtoto wa wifi yangu kwa mikono yangu na kupewa cheti. Nisipoenda, mtu asiyemjua ndiye atakayemuua, na hata chai yake haitapoa.

Gaudensia aliniuliza, macho yamefumbwa, kama mtihani ni wiki hii. Nikasema ndiyo. Akasema atasali nipate. Nikatoka nje ya zahanati nikashika ukuta.

*

Saa tatu kamili tulikuwa mia moja ukumbini, kila mtu na meza yake, bangili zinamulika. Lutengano alikaa kushoto kwangu. Msimamizi alikuwa Bwana Mhema, mwanamume mtaratibu mwenye sweta lililofumwa na mtu anayempenda. Kengele ikalia. Mbele yangu kikatokea kile kichoro ninachokijua kama mistari ya kiganja, ruta namba saba katikati, na maneno: futa njia zote, jenga upya.

Nikaweka mikono mezani.

Kanuni ni hii: mtahiniwa akikaa dakika kumi bila kugusa kitufe, kiti kinahesabiwa kitupu, na maabara inakwenda kwa wa akiba. Akigusa, ni yake, hakuna mwingine anayeweza kuiingia. Nikagusa kitufe cha nafasi, kile kisichoandika kitu. Nikasubiri dakika tisa. Nikagusa tena.

Kushoto kwangu Lutengano alishafuta. Niliona vidole vyake, vile vidole vizuri, na kwenye kioo chake nikaona maombi yakianza kugonga. Matano. Mia. Mia tano. Jasho lilimtoka kwenye ukumbi wenye baridi ya kutafuna mifupa. Alijenga upya kwa dakika tisa, kasi ambayo sijawahi kuiona. Alipomaliza hakunitazama.

Saa ya pili Bwana Mhema akaja, akainama. Aliuliza kwa upole kama naumwa. Nikasema sijambo. Akasema swali la kwanza lina alama sitini, na bila hilo hayo mengine hayasahihishwi. Nikasema nafahamu.

"Sasa unafanya nini, mama?"

"Nimekaa juu ya mtaa wangu."

Nilimwona akielewa. Kwenye uso wa mtu mzima huwa ni jambo dogo tu, kope zinashuka kidogo kisha zinapanda. Miaka mingapi amesimamia ukumbi ule? Mitaa mia kila zamu, kila mwaka. Akanyoosha mgongo, akaitazama saa ya ukutani, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba zimebaki saa mbili na dakika tano, nisisahau kugusa. Akaenda zake. Hakunisaidia zaidi ya hapo. Wala sijui kama hapo alinisaidia au aliutazama ukuta tu kama nyinyi.

Saa nne mfululizo. Mnadhani kukaa ni kazi rahisi? Mguu uliota ganzi. Mkojo ulinibana hadi machozi. Bangili ilikuwa inahesabu, nayo kwa ujinga wake ilinipa saa nne safi, safi kuliko zote nilizowahi kusoma, kwa sababu sikuwaza kitu kingine chochote duniani.

Saa saba kamili kengele ikalia. Sifuri. Walinikata bangili mlangoni, wakanipa karatasi ya kunikataza kugusa waya wowote wa mji huu kuanzia mwezi wa saba. Miaka kumi na saba ikaingia kwenye bahasha moja. Simu yangu ilikuwa na ujumbe wa nesi Yustina: taa ya kijani, mtoto amekunywa matone ya maziwa kwa kijiko.

Lutengano alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa amefaulu. Aliushika ukuta kama nilivyoushika wa zahanati, akauliza kwa sauti iliyokauka, "Dada, wangu ulikuwa mtaa gani?"

Nilimwambia, maana nyaya zake nilizitambua kwenye kioo chake. Akaanza kukimbia kuelekea huko.

*

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi zilezile, na nayatuma kwa kila namba ya mtahiniwa niliyonayo. Mtoto wa Gaudensia anapumua. Ni mmoja. Asubuhi tulikuwa mia ukumbini, na mia kasoro mmoja walifuta.

Zamu ya pili inaingia saa nane, na mitaa mingine mia. Sasa ni saa saba na dakika ishirini na mbili. Nyinyi wa zamu hiyo mko hapo korido, mnapitia madaftari, mnaona nikiandika na mnajifanya hamnioni. Usiniambie ulisoma peke yako, kwamba mama yako aliuza shamba, kwamba ukikataa ataingia mwingine. Mwingine haingii ukikaa. Nimekuonyesha kanuni. Ni kitufe kimoja kila dakika tisa.

Mpigie mtu mmoja wa mtaani kwenu sasa hivi, muulize maji yalikatika siku gani. Fungua bangili yako ulinganishe. Kisha ingia ukumbini, ukae kwenye kiti chako, uweke mikono mezani, usifute. Wote mia. Waambie na walio nyuma yako kabla mlango haujafungwa. Inuka, anza na huyo aliyekaa karibu nawe.